Skripti yasema NYUMA, winver yasema sawa. Nani mwongo?

#1 Nahodha_wa_Bachi
Wadau salaam. Niko na kompyuta 38 ofisini hapa Ganjoni, Mombasa, kazi yetu ni kutoa mizigo bandarini. Kuna mteja mkubwa ametushikilia: kila mwisho wa mwezi anataka orodha, mashine kwa mashine, kila moja iko kiwango gani cha apdeti. Mwezi ule wa mwanzo nilizunguka meza zote nikifungua winver, kidirisha kinachoonyesha toleo la Windows, kwa mkono. Kina mama wa manifesti hawapendi kuinuliwa vitini wakati meli iko gatini, na walinambia hivyo kwa Kimvita kisichoandikika hapa.

Basi nikaandika faili ya .bat. Kila mashine inaikimbiza usiku, jibu linaandikwa kwenye folda ya pamoja kwa jina la mashine. Moyo wake ni mstari mmoja, unaouliza Windows orodha ya apdeti zilizowekwa:

`wmic qfe get HotFixID | find "%KB%"`

Ikiiona KB, yaani namba ya apdeti, ya mwezi ule inaandika SAWA, isipoiona NYUMA. Wiki iliyopita: 22 SAWA, 16 NYUMA. Nikazunguka kuhakikisha. Katika zile 16, zilizo nyuma kweli ni tatu. Kumi na mbili hazina tatizo lolote. Na moja, namba 7, sijui niseme nini: usiku yasema nyuma, asubuhi winver yasema sawa, usiku tena nyuma.

#2 Pweza_Karai
Mimi dukani nina mashine mbili na kalenda ya ukutani. Jumanne ya pili ya mwezi, siku ya apdeti za Windows, ikipita, Jumatano naziwasha mara mbili mbili, nimemaliza. Skripti ya nini kwa mashine unazozijua kwa harufu?

#3 BintiKisauni
Pweza, yeye ana 38, si mbili. Na zako zanuka viazi karai.

Kaka Nahodha, hizo 12 zina maelezo mawili, si moja. Kwanza, mashine zako mpya ni Windows 11 24H2? Kuanzia hapo wmic haiji tena yenyewe, ni ya kuongezwa kwa hiari. Amri isipokuwepo, `find` hailetewi kitu, haioni kitu, na faili yako yaandika NYUMA bila haya. Pili, apdeti za sasa ni za limbikizi. Ya mwezi huu imemeza ya mwezi uliopita. Mashine iliyokwisha kupita mbele haina KB unayoitafuta, ina ya baada yake. Unamtafuta mtu Likoni naye keshavuka.

Achana na KB. Soma namba yenyewe kwenye rejistri, daftari la mipangilio ya Windows:

`reg query "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion" /v CurrentBuild`
`reg query "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion" /v UBR`

Ya kwanza ni bildi, ya pili ndiyo kiwango cha apdeti ndani ya bildi hiyo. Ukiziunganisha kwa nukta unapata kile kile winver inachokuonyesha.

#4 TangaRaha
Mkuu mleta uzi, kwa nini ujisumbue? `systeminfo` inakupa mengi. Au soma ProductName kwenye rejistri hiyo hiyo aliyoitaja dada, utajua ipi ni 10 na ipi ni 11.

#5 Mshubiri
ProductName kwenye Windows 11 bado imeandikwa Windows 10. Angalia mwenyewe. Bildi ikiwa 22000 kwenda juu ni 11, chini ya hapo ni 10.

#6 TangaRaha
Nimeangalia. Daah. Laptopu ya mke wangu ni 11 tangu anunue, na humo imeandikwa Windows 10 Pro. Nimekaa kimya, asijeamini aliuziwa mbuzi kwenye gunia.

#7 MtuWaSacco
Hiyo afadhali. Mimi nilisoma ReleaseId. Mashine zote za tawi zikasema 2009. Nikaandika ripoti kwa meneja kwamba mashine hazijapata apdeti tangu mwaka 2009, mwaka ule ule kebo ya intaneti ya Seacom ilipofika Mombasa. Meneja akaipeleka kwenye kikao cha bodi. Kumbe ReleaseId iligandia hapo 2009 kuanzia toleo la 20H2, na toleo la kweli linakaa kwenye DisplayVersion. Wajumbe bado wananiita Bwana Seacom.

#8 Pweza_Karai
Bwana Seacom 😂😂 Naweka hii kwenye stetasi.

#9 Nahodha_wa_Bachi
Dada Binti, ahsante. Kwenye zile 12, tisa hazina wmic kabisa, tatu zilikuwa zimepita mbele. Ulivyosema hivyo hivyo.

Sasa nimebadilisha nisome UBR, na nimeingia shimo jingine. Inaniletea `0x451`. Nikadhani imeharibika.

#10 BintiKisauni
Haijaharibika, `reg query` huandika kwa namba za msingi wa kumi na sita (hex). 0x451 ni 1105. Ipitishe kwenye `set /a` nayo itaigeuza:

`set /a KIWANGO=0x451`

Na angalia unavyolinganisha. Ukiweka alama za nukuu, `if "963" GTR "1105"`, cmd italinganisha kama maneno, herufi ya kwanza kwa ya kwanza. 9 ni kubwa kuliko 1, basi 963 itahesabiwa mbele ya 1105. Mashine iliyo nyuma itapita kama bibi harusi. Toa nukuu, zilinganishwe kama namba. Kwa PowerShell igeuze kwanza iwe `[version]`. Kwa Linux kuna `sort -V`. Kosa hili nimelikuta kwenye skripti za watu wanaolipwa vizuri kunishinda.

#11 MzeeWaNgamizi
Wanangu, nawasoma tangu jana nacheka peke yangu. Nyinyi mnakusanya vipande: bildi huku, UBR kule, jina la uongo pale. Sisi kwenye AIX, mfumo wa IBM, tulikuwa na amri moja tu.

`oslevel -s`
`7200-05-03-2148`

7200 ni AIX 7.2. 05 ni kiwango cha teknolojia. 03 ni saviisi paki. Nne za mwisho ni tarehe. Mstari mmoja, unaukata kwa vistari, umemaliza, unakwenda zako kunywa kahawa tungu.

#12 Debian_Likoni
Shikamoo mzee. Hiyo 2148 ni tarehe uliyoiweka wewe kwenye mashine?

#13 MzeeWaNgamizi
Marahaba. Hapana, si mimi niliyeiweka. Ni mwaka na wiki ya kutolewa kwake: mwaka 2021, wiki ya 48. Kuna kijana nilimfunza miaka hiyo, alisoma 48 akaniuliza mwezi wa arobaini na nane ni wa Kiislamu au wa Kizungu.

Lakini sikilizeni, nalo lina siri yake. `oslevel` haikwambii ulichoweka. Inakwambia kiwango ambacho vifurushi vyote vimekifikia. Ukiweka apdeti mia na kimoja kikagoma, mashine nzima yasema bado iko nyuma. Niliwahi kukesha usiku mzima kwa hilo. Nimeweka kiwango kipya, hakuna kosa kwenye skrini, `oslevel -r` yarudi kwenye kile cha zamani. Nikaweka tena. Yarudi. Mpaka alfajiri ndipo nikakumbuka `oslevel -rl` ukifuatisha kiwango unachokitaka: inakutolea orodha ya walio nyuma. Alikuwa mmoja. Kifurushi cha lugha ambayo hakuna mtu ofisini aliyeijua, mtu alikiweka siku ya kwanza akakisahau. Nikakiondoa, namba ikapanda papo hapo.

Kwa hiyo hiyo namba 7 yako, usiitukane bado.

#14 Debian_Likoni
Hii nimeipenda, kwa sababu Linux kosa ni la upande wa pili: namba inapanda kabla mashine haijapanda. Watu husoma `uname -r` wakidhani ndicho kilichosakinishwa. `uname -r` ni kerneli, yaani kiini cha mfumo, inayokimbia sasa hivi. Mpya unaweza kuwa nayo kwenye diski miezi sita, lakini kama hujawasha upya, wewe bado uko na ya kale. Na kinyume chake, ukisoma orodha ya paketi utaambiwa uko mbele, kumbe kinachokimbia ni cha zamani. Ubuntu hukuwekea faili `/var/run/reboot-required`. Skripti yangu huitafuta hiyo kwanza kabla ya kitu chochote.

Kisha kuna `/usr/lib/update-notifier/apt-check`. Yakupa namba mbili, mfano `12;3`, yaani kumi na mbili zinasubiri na tatu ni za usalama. Nilikaa wiki nzima siipati ndani ya skripti. Kwenye skrini naiona, kwenye kigeu cha skripti hamna kitu. Kumbe inaandika kwenye mkondo wa makosa, si mkondo wa kawaida. Weka `2>&1`.

#15 Mshubiri
Na mwenye Red Hat, aina nyingine ya Linux, asisome namba ya programu hata kidogo. Wao huchukua dawa ya toleo jipya wakaitia ndani ya toleo la zamani, namba ya mbele inabaki vile vile. Mkaguzi alikuja kwetu na programu yake ya kupekua, akaona OpenSSH ina namba ya zamani, akatuandikia kurasa nne za hatari. Kila moja ilikuwa imekwisha zibwa. Ilituchukua siku mbili kumwonyesha, na siku ya tatu akaondoka bila kutuaga.

#16 TangaRaha
Wakuu, tarehe nazo ni msala. Hizi `wmic qfe` zinaandika kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza. Nilikuta 3/12/2024 nikamwambia bosi ni tarehe 3 Disemba, mashine ina wiki moja tu. Ilikuwa 12 Machi. Na ukijua kwamba apdeti kubwa hutoka Jumanne ya pili, yaani kati ya tarehe 8 na 14, hizo za 8 mpaka 12 zote zinasomeka njia zote mbili.

#17 Nahodha_wa_Bachi
Tushukuru, sasa 37 zote zinajibu ukweli. Imebaki namba 7. Naileta rasmi mezani maana imenikosesha usingizi.

Ni Windows 10, bildi 19045. Mezani asubuhi winver yasema 19045.6456. Hiyo ndiyo ile ya tarehe 14 Oktoba 2025, siku Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma ya kawaida, kwa hiyo haina pa kwenda zaidi bila kujiandikisha kwa huduma ya ziada. Sawa. Lakini faili la usiku laandika `0x18bc`, ambayo ni 6332, ya Septemba. Asubuhi ikiwashwa, 6456. Usiku unaofuata, 6332. Usiku wa tano huu. Inapanda mchana, inashuka usiku. Hakuna kitu kinachoshuka hivyo ila bahari.

#18 Pweza_Karai
Hiyo ina jini. Fukiza ubani chini ya meza ya manifesti, kisha soma UBR.

#19 BintiKisauni
Kabla ya ubani: hiyo skripti inaanza saa ngapi, na nani aliiweka kwenye ratiba?

#20 Nahodha_wa_Bachi
Saa nane usiku. Aliiweka kijana aliyekuja atachimenti, nilimwambia mwenyewe kwa mdomo.

#21 BintiKisauni
Nenda kaangalie kaandika nini. Wallahi nina picha ya kilichotokea.

#22 Nahodha_wa_Bachi
😭😭 Mashine tano ameandika 8:00 PM. Nilimwambia saa nane usiku, yeye akaandika nane. Aliyefunza watoto hawa saa ni nani?

#23 MtuWaSacco
Na hiyo ni mbaya kuliko unavyofikiri. Microsoft hutoa apdeti za Jumanne saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu ni saa mbili usiku, au saa tatu kule kwao wakiwa kwenye majira ya baridi. Skripti yako ya saa mbili usiku inapima dakika ile ile apdeti inapotoka jikoni. Hapo kila mashine lazima iwe nyuma.

#24 Nahodha_wa_Bachi
Nimezirekebisha. Lakini namba 7 haimo kwenye zile tano. Yake ilikuwa 2:00 AM sahihi.

#25 Debian_Likoni
Basi ni ile habari ya kuwasha upya. Mmeiweka, haijaristati vizuri. Windows 10 ina ule mtindo wa kuwaka haraka: ukibonyeza kuzima haizimi kweli, kerneli inalazwa kwenye diski, asubuhi inaamshwa pale pale ilipokuwa. Mama wa manifesti anadhani anazima kila jioni, kumbe anailaza.

#26 Mshubiri
Hiyo ingeeleza kuchelewa kupanda. Haielezi kushuka. Ikishafika 6456 haitarudi 6332 kwa sababu ililala.

#27 Cyber_Mwembe
Mimi nilikuwa na saiba Mwembe Tayari miaka tisa, na kushuka nakujua. Je, mashine hiyo mliinunua mpya? Saiba zote tuliweka programu za kugandisha diski. Mteja afanye atakalo, apakue madude, abadilishe picha ya ukuta aweke ya timu yake, ukiwasha upya kila kitu chafutika, mashine yarudi kama ulivyoigandisha. Na apdeti nazo zafutika hivyo hivyo.

Nakumbuka Ijumaa ile ya 12 Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipolipuka. Dawa yake, MS17-010, ilikuwa imetoka tangu 14 Machi. Miezi miwili! Mimi nilikuwa nimeziona zikiingia kila usiku, nikalala raha. Jumamosi asubuhi nikakumbuka kwamba zote zimegandishwa: zilikuwa zikiingia usiku na kutoka asubuhi, miezi miwili mizima. Nilifunga saiba mchana kutwa, nikayeyusha mashine kumi na nne moja moja, nikaweka dawa, nikagandisha tena. Wateja nje wanagonga mlango, wataka kuprinti.

#28 Nahodha_wa_Bachi
Ami Cyber, unajua hiyo namba 7 ilinunuliwa wapi? Kwa mtu aliyefunga saiba. Mwembe Tayari.

#29 Cyber_Mwembe
Si mimi! Zangu zilikwenda Voi.

#30 Mshubiri
Ngoja. Kama imegandishwa, 6456 ingeonekanaje hata asubuhi moja? Apdeti yataka kuwashwa upya ili namba ibadilike, na kuwashwa upya ndiko kunakofuta. Ingekaa 6332 usiku na mchana. Ugandishaji nao hauelezi.

#31 Cyber_Mwembe
Labda wamegandisha sehemu. Au kuna diski mbili humo ndani na inawaka kwa hii leo, kwa ile kesho. Zangu mbili zilikuwa hivyo, mtu aliongeza SSD akaiacha ya zamani na Windows yake.

#32 TangaRaha
Au inashindwa kumaliza. Mkuu, ukiona ile skrini ya kusema inatengua mabadiliko, basi inapanda, inaanguka, inarudi. Angalia pia nafasi ya diski.

#33 Nahodha_wa_Bachi
Diski ni moja, nimefungua kifuniko. Vumbi, na risiti moja ya madafu, hakuna kingine. Programu ya kugandisha sikuiona. Nafasi ya diski ni gigabaiti 61. Mama wa manifesti asema hajaona skrini ya kutengua, ila pia asema yeye akifika huwa anakwenda kutia maji ya chai kwanza.

#34 MzeeWaNgamizi
Mwanangu, umesema jibu laandikwa kwenye folda ya pamoja kwa jina la mashine. Una hakika faili unalolisoma asubuhi limeandikwa usiku huo? Niliwahi kusoma faili moja miezi mitatu nikidhani ni jipya. Skripti ilikuwa ikishindwa kuandika, inakufa kimya, mimi nasoma la zamani.

#35 Nahodha_wa_Bachi
Nimeangalia mzee wangu. Muda wa faili ni 02:00 kila usiku. Linaandikwa.

#36 BintiKisauni
Linaandikwa, sawa. Na nani? Umesema kwa jina la mashine. Si kwa mashine. Hizo ni vitu viwili. Kuna kompyuta nyingine yoyote duniani iliyonakiliwa kutoka diski ya namba 7? Maana ukinakili diski, jina lanakiliwa, skripti yanakiliwa, na ratiba yake yanakiliwa. Mbili zaandika faili moja, wa mwisho ndiye anayebaki.

#37 Nahodha_wa_Bachi
Subhanallah.

Kulikuwa na laptopu ya godauni, Miritini. Niliinakili kutoka namba 7 mwenyewe ili nisianze kuweka programu upya. Lakini iliuzwa mwaka jana. Na skripti hii nimeianza mwezi wa tisa mwaka huu. Haiwezi kuwa nayo.

#38 Mshubiri
Iliuzwa kwa nani?

#39 Nahodha_wa_Bachi
Kwa karani wa godauni hapo hapo Miritini.

#40 Pweza_Karai
😂😂😂 Iliuzwa ikahama meza.

#41 BintiKisauni
Bado haitoshi, maana skripti ni ya mwezi wa tisa. Ingefikaje kwenye laptopu? Ulizisambaza vipi?

#42 Nahodha_wa_Bachi
Kwa majina. Nilikuwa na orodha ya majina.

Ila nimepiga simu. Karani aapa kwamba laptopu yake haiunganishwi na ofisi tangu ainunue, anaitumia kuangalia mpira. Na ya kwake, asema, ameiweka Windows 11. Sasa simwamini wala simkanushi.

#43 Debian_Likoni
Weka namba ya seri ya mashine ndani ya jina la faili, mbili zitajitenga zenyewe. Usitumie wmic tena tafadhali. `Get-CimInstance Win32_BIOS`.

#44 Nahodha_wa_Bachi
Nimeweka. Faili la leo alfajiri, namba ya seri iliyoandikwa ni hii, nainakili kama ilivyo:

`To Be Filled By O.E.M.`

#45 Cyber_Mwembe
Hiyo ni mashine ya kuunganishwa uchochoroni. Mtengenezaji hakujaza. Zangu zote zilikuwa hivyo.

#46 MtuWaSacco
Kwa hiyo namba 7 ndiyo iliyoandika. Laptopu ya kampuni ingekuwa na namba yake. Binti, nadharia yako imezama.

#47 BintiKisauni
Haijazama. Imepigwa tu. Kuna laptopu zilizobadilishwa bodi ambazo nazo ziko tupu. Soma anwani ya kadi ya mtandao badala yake.

#48 Nahodha_wa_Bachi
Nimechoka kubahatisha. Leo nalala ofisini. Nina chupa ya kahawa, kashata, na kiti cha mama wa manifesti. Nitaitazama namba 7 machoni mpaka saa nane ipite.

#49 Pweza_Karai
Usisahau ubani.

#50 Debian_Likoni
Imekuwaje? Ni saa tatu asubuhi, uko kimya.

#51 Nahodha_wa_Bachi
Stima ilikatika saa saba na dakika hamsini. Dakika kumi tu kabla. Namba 7 haina UPS, ikazimika mbele yangu. Ni seva na ruta tu zilizobaki na taa. Nikakaa gizani na kahawa yangu mpaka stima iliporudi, karibu saa tisa. Sikuiwasha. Nililala kwenye kiti.

Asubuhi nimefungua folda ya pamoja. Faili la namba 7 lipo. Limeandikwa 02:00. `0x18bc`. Namba ya seri ni ile ile isiyojazwa. Anwani ya kadi ya mtandao sikuwahi kuiweka kwenye skripti, nilipanga niiweke leo.

#52 BintiKisauni
Mashine imezimika na imeandika. Rudi ukasome nilichosema #36, polepole.

#53 Pweza_Karai
Na mimi nilichosema #18.

#54 Mshubiri
Saa ya seva ni sahihi? Kama iko mbele dakika kumi na tano, 02:00 yake ni kabla ya stima kukatika.

#55 TangaRaha
Mkuu Mshubiri, ratiba inafuata saa ya namba 7, muda wa faili unawekwa na seva. Zote mbili zikitofautiana, faili lisingesoma 02:00 kamili usiku wa tano mfululizo.

#56 Mshubiri
Kompyuta zote za ofisi hunyoosha saa zao kwa seva. Seva ikiwa mbele, zote ziko mbele pamoja. Ile saa saba na hamsini aliisoma wapi? Kwenye simu au kwenye skrini?

#57 Nahodha_wa_Bachi
Kwenye simu.

Naenda chumba cha seva.

#58 MzeeWaNgamizi
Ukitoka huko mwanangu, na ile laptopu ya Miritini kaione kwa macho, usipige simu.